Ndoo Haiji Tupu, Hairudi Tupu

Vijana wa bustani mmeniomba niandike niliyoyaona kazini kabla sijayasahau. Nimekubali kwa sharti moja: nitaandika ninayotaka mimi. Habari za mshahara nitaziruka, kwa sababu nao miaka yote ulikuwa ukiniruka mimi. Vyeo navyo havimo. Niliingia msimamizi wa bustani na nimetoka msimamizi wa bustani. Yaliyopanda cheo ni magoti yangu tu, ambayo siku hizi hutabiri mvua vizuri kuliko redio.

Jina langu mnalijua, lakini kwa watakaokuja baadaye niseme: mimi ni Zuhura, mzaliwa wa Ujiji, mjane, na tangu mwaka 2008 mpaka mwaka huu wa 2015 nimekuwa Mwislamu anayelinda mbolea ya kanisa. Kabla ya hapo nilisafisha vyumba vya hoteli kule ufukweni, hapahapa Durban, Afrika Kusini. Wapo watakaosema miaka saba si kazi ya kustaafia. Waje wageuze lundo la mboji miaka saba, halafu tuzungumze.

Nilianza baridi ya mwaka 2008 ikielekea kuisha. Miezi michache nyuma, wageni tulikuwa tumefukuzwa katika baadhi ya mitaa, na watu wengi walilala kwenye ukumbi wa kanisa hapa Sydenham, watoto kwenye mikeka na masufuria kwenye korido. Hali ilipotulia waliondoka mmoja mmoja, lakini wengi hawakuwa na cha kutia kwenye hayo masufuria. Ndipo Mchungaji, Mrundi mpole ambaye sijawahi kumwona ameshika jembe, akatuonyesha kipande cha ardhi nyuma ya ukumbi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi wengine tulikuwa na miaka mingi Durban, kwa hiyo jembe lilikuwa limechelewa.

Ardhi yenyewe, mtu asidanganyike na mnayoiona leo. Ulikuwa mteremko wa mchanga mwekundu uliojaa matofali yaliyovunjika, chupa, na nondo zilizopinda walizoziacha mafundi. Ukimwaga maji yalizama kama kwenye chekecheo. Mimi nilikuwa nimekuja na pakiti ya mbegu na furaha tele, tayari kupanda siku hiyohiyo.

Aliyenizuia ni Mama Espérance. Ninyi mlimkuta amezeeka na mnamwita Bibi. Wakati ule alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Bujumbura, mfupi, mwenye sauti inayovuka barabara bila kuangalia robot, yaani taa za barabarani. Alikuwa akiishi kwa kulinda magari ya watu kule ufukweni, jua lake na mvua yake, akisubiri mwenye gari amkumbuke kwa sarafu. Alichota mchanga kiganjani, akaunusa, akautupa.

"Bi Zuhura, udongo hii iko na njaa," akasema. "Mtu iko na njaa, utamtuma kazi? Tuilishe kwanza."

"Tuulishe nini? Hapa hakuna ng'ombe."

"Si mnakula? Basi na yeye atakula."

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Mimi nilikuwa na barua ya kuajiriwa, yeye alikuwa na kazi yenyewe kichwani, na hatukuwahi kugombana juu ya hilo kwa sababu tulikuwa na mengine ya kugombania. Kwao, alinieleza, nyumba isiyo na lundo la samadi nyuma yake hata posa haiji. Nilimuuliza kama yeye aliolewa kwa ajili ya lundo. Akasema lundo la baba yake lilikuwa refu kuliko bwana harusi.

Ng'ombe tulimkosa, farasi tukampata. Karibu na uwanja wa mbio wa Greyville kulikuwa na mabanda, na wenyewe walifurahi mno mtu kuwaondolea samadi iliyochanganyika na maranda ya mbao. Mara ya kwanza tulijaza magunia mawili, tukayapandisha kwenye taxi tukiwa tumejifunika khanga za heshima. Dereva alinusa, akafungua dirisha, akasema "Eish!", na kwenye robot ya pili akatushusha sote wawili na mali yetu. Tulibeba yale magunia kichwani mpaka Sydenham tukicheka njia nzima. Baadaye muumini mmoja mwenye bakkie, kigari cha mizigo, alituhurumia, akawa anatuletea kila mwezi.

Lundo letu tulilipanga hivi, na msije mkabadilisha kwa sababu mmeona kitu kwenye simu. Chini vijiti, ili hewa ipite. Juu yake majani makavu, kisha maganda ya mboga na matunda, kisha samadi, kisha udongo kiasi cha kufunika, halafu unaanza tena mpaka lifike kifuani. Kila tabaka unalinyunyizia maji. Ukitaka kujua maji yametosha, shika konzi moja ukamue: likitoka tone moja mawili, sawa; yakichuruzika, umelizamisha; yasipotoka kabisa, lina kiu. Juu funika magunia.

Chombo changu cha thamani kuliko vyote kilikuwa nondo, ile ndefu ambayo bado inaegemea mlango wa stoo. Niliiokota siku ile ya kwanza kwenye vifusi. Unaichoma katikati ya lundo, unaenda kumwagilia, ukirudi unaichomoa na kuishika. Ikikuchoma ukaiachia, lundo linapika. Ikiwa vuguvugu, limechoka, ligeuze lipate pumzi. Ikiwa baridi na inanuka, una kesi. Mfadhili mmoja alituletea kipimajoto kizuri cha kuchomeka kwenye mboji. Betri zilikwisha, nondo haijaisha.

Mboji ya kwanza ilipoiva ilikuwa nyeusi, laini, na ilinuka kama ardhi baada ya mvua. Mama Espérance aliichota kwa mikono miwili na kuninyooshea puani kana kwamba ni mtoto mchanga. Tulipanda mchicha, ambao Warundi na Wakongomani wanauita lengalenga, tukachanganya zile mbegu ndogo na mchanga mkavu ili zisidondoke zote mahali pamoja. Ulipotoka, ulitoka kwa fujo. Mtaani watu wengine walikuwa wakiung'oa kama magugu, na dukani hatukuwahi kuuona. Kwa miaka mingi tulikuwa tumekula spinachi na kujidanganya.

Siku ya kuvuna mara ya kwanza tulipika palepale ukumbini. Wa Tanga wakataka nazi, Wakongomani wakataka mawese, mimi wa Ujiji nikataka vyote viwili na karanga juu. Mzozo ulikuwa mkubwa na hakuna aliyeshinda, maana sufuria ziliisha kabla ya hoja. Nililia siku ile, na sikuficha. Nililia kwa furaha, mchicha mdomoni, mbele ya Mchungaji.

Baada ya hapo kila mtu alitaka mboga, na ikabidi tuweke utaratibu. Kwetu nimelelewa kwamba jirani akikuletea chakula, bakuli lake hulirudishi tupu. Hata kama huna kitu utaweka ndimu mbili, utaweka chumvi. Mama Espérance akasema kwao ni hivyohivyo. Basi tukatangaza kanuni yetu: ndoo haiji tupu, hairudi tupu. Ukija na ndoo ya maganda, unaondoka na ndoo ya majani. Lundo likanenepa, matuta yakanenepa, na watoto wa Sydenham nao, alhamdulillahi.

Mama Espérance akaacha kulinda magari. Kila Jumapili baada ya ibada alipanga mafungu ya lengalenga kwenye ngazi za kanisa na watu wakamgombania. Alipata kodi ya chumba chake mle. Aliniambia siku moja, bila utani hata kidogo, kwamba tangu atoke Bujumbura hiyo ndiyo kazi ya kwanza ambayo hata mamaye angeitambua.

Sasa nije kwenye kesi, maana najua ndiyo mnayoisubiri.

Ilikuwa kiangazi, ambacho huku Durban ndicho msimu wa mvua, na palikuwa na harusi kubwa ya Warundi pale ukumbini. Mama Espérance alikuwa Queensburgh kwa binti yake aliyejifungua. Jumatatu asubuhi nikaona watu wanakuja, wote wachangamfu, kila mmoja na ndoo imejaa pomoni. Nikafungua ya kwanza: wali. Ya pili: vichwa vya samaki. Ya tatu: maharage yaliyoungwa kwa mafuta, na mifupa ya mbuzi juu kama pambo. Walikuwa wameitii kanuni kwa moyo wao wote. Nani angekataa ndoo ya mtu, tena siku ya pili ya harusi? Kuikataa ni kumwambia mtu kwamba chakula chake kinanuka. Tukamwaga vyote kwenye lundo, nikagawa mchicha, tukashangilia bibi harusi.

Kisha mvua ikanyesha wiki nzima. Nilichoma nondo, ikatoka baridi, na harufu iliyoifuata sitaieleza kwa sababu wengine mtasoma haya mkila. Nzi walikuja kama wamealikwa. Na chini ya lundo ukatoka ute mweusi, ukateremka na mteremko, ukapita chini ya uzio mpaka uwanjani kwa jirani.

Jirani alikuwa Aunty Saras, mama wa Kihindi, mjane kama mimi, aliyekuwa akiishi peke yake katika nyumba ya bati jekundu. Mpaka siku hiyo tulikuwa tukipungiana mikono tu. Pembeni ya uzio, upande wake, alikuwa na kijumba kidogo cha ibada ambako kila asubuhi aliwasha taa na kuweka maua. Ute wetu ulikwenda moja kwa moja pale.

Alikuja langoni na ndoo ya buluu. Alikuwa ameuzoa ule uchafu kwa mikono yake. Akaumwaga mbele ya miguu yangu. Tulizungumza Kiingereza, mimi changu cha hotelini, yeye chake cha Durban.

"Hiki ni chenu," akasema. "Leo nimemwashia Mungu wangu taa katikati ya maji ya samaki. Unaelewa? Maji ya samaki!"

"Aunty, tafadhali utusamehe, tutasafisha leo hii."

"Mmekuwa majirani zangu kwa miaka, sijasema neno. Sasa nasema."

Akageuka akaondoka. Ndoo aliiacha palepale, naona hakutaka kuigusa tena. Nilikwenda na sabuni na maji nikausugua uwanja wake mpaka saruji ikang'aa, naye akinitazama kupitia dirisha bila kufungua mlango.

Malalamiko yake yalifika kwenye kamati ya kanisa. Na kamati, Mungu awape afya, kwa muda mrefu walikuwa wakikitamani kile kipande kwa ajili ya maegesho ya magari. Mwenyekiti akatuita. Alisema Jumapili ya mwisho wa mwezi watakaa baada ya ibada, jirani ataitwa aseme, na kama bado ana shida na sisi, bustani itafungwa na saruji itamwagwa. Mama Espérance alikuwa amerudi kutoka Queensburgh siku hiyohiyo. Nilitoka naye mpaka kwenye matuta.

"Watatengeneza parking," akasema. "Na mimi nitakuja kulinda gari juu ya lengalenga yangu."

Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Kisha akafunga khanga kiunoni na kusema, "Lete uma ya kugeuza lundo."

Tulilifungua lile lundo lote. Sikilizeni vizuri, maana lundo lililooza si la kutupa, ni mgonjwa. Tulitoa mifupa na samaki, tukavizika mbali na kwa kina. Kilichobaki tukakichanganya na maranda, majani makavu na samadi ya farasi, vingi kuliko mnavyofikiri, kwa sababu kinachonuka kinalilia vikavu na hewa. Tulilihamisha lundo juu ya mteremko, mbali na uzio, tukachimba mfereji chini yake. Kila baada ya siku mbili tuliligeuza. Harufu ilikuwa ya kwanza kuondoka, nzi wakafuata. Siku niliyochomoa nondo nikaiachia kwa moto, nilipiga kelele mpaka Mchungaji akatoka mbio akidhani nimeumia.

"Inapika!" nikamwambia.

"Nini inapika?" akauliza maskini.

Tukabaki na ile ndoo ya buluu. Ilikuwa imekaa karibu na lango muda wote, hakuna aliyethubutu kuisogeza. Asubuhi moja nikamkuta Mama Espérance ameichukua, anaisugua kwa majivu ndani na nje. Kisha akaingia kwenye matuta, akakata lengalenga laini, la kijani na lile jekundu, umande ukiwa bado juu yake, akalipanga ndani ya ndoo mpaka ikawa na kilele.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Ndoo ya mtu hairudi tupu."

"Mama Espérance, yule hakutuletea zawadi. Alituletea uchafu wetu!"

"Ndoo ililetwa, ama haikuletwa?"

"Ililetwa."

"Ilikuwa tupu?"

Akanitwika ndoo, maana Kiingereza chake kilikuwa cha kuegesha magari tu, akanisukuma langoni.

Aunty Saras alifungua mlango nusu. Nikamwambia nimemrudishia ndoo yake, nikainyoosha, nikijiandaa kurushiwa. Aliitazama kwa muda mrefu. Akachukua jani moja jekundu, akalivunja shina, akalinusa.

"Nani amekwambia?" akauliza.

"Ameniambia nini, Aunty?"

"Mama yangu alikuwa akiyalima haya. Tulikuwa na shamba karibu na mto, kabla serikali ya ubaguzi haijatuhamisha. Aliyabeba kwa kikapu akiyauza nyumba kwa nyumba." Akalinusa tena. "Sisi tunayaita herbs. Sokoni siku hizi wanauza yamenyauka."

Nikangoja. Hakunikaribisha, hakutabasamu, hakusema asante. Aliichukua ndoo, akafunga mlango. Nilirudi nikamwambia Mama Espérance kwamba sijui kama tumesamehewa.

Jumapili yenyewe ilifika. Tulikaa ukumbini, wanakamati mezani, sisi wa bustani nyuma tumebanana, mimi nikisoma dua zangu kimyakimya ndani ya kanisa la watu. Mama Espérance alikuwa amevaa nguo yake nzuri kuliko zote, kama anakwenda kuzika. Aunty Saras akaingia amevaa sari ya manjano. Mkononi alikuwa na ndoo ya buluu, imefunikwa kwa kitambaa cheupe. Nilijua ametuletea ushahidi.

Mwenyekiti akamshukuru kwa kuja, akamwomba aieleze kamati shida yake na bustani.

"Shida ilikuwa harufu," akasema Aunty Saras. "Imekwisha. Nimekuja kwa jambo jingine."

Akatembea katikati ya ukumbi mpaka nyuma tulikokuwa, akaiweka ndoo mbele ya Mama Espérance, akafunua kitambaa. Ndani kulikuwa na maganda ya viazi, maganda ya vitunguu, majani ya chai, mabua ya giligilani. Vyote vibichi, havina hata tone la mafuta. Na vyote alikuwa amevikatakata vidogovidogo, kama mtu anayeandaa mchuzi wa wageni.

"Ndoo yangu ilirudi imejaa," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Nyumbani kwetu nasi hatuna tabia ya kurudisha chombo kitupu. Haya ni yenu. Alhamisi nitakuja kuchukua herbs zangu."

Nikamtafsiria Mama Espérance, lakini nadhani alikuwa ameshaelewa. Alipiga kigelegele ambacho sijawahi kusikia mfano wake katika ukumbi ule, hata kwenye harusi ile. Watu wakacheka, wakapiga makofi, mwenyekiti akagonga meza, akakata tamaa ya kugonga, akacheka yeye pia. Habari za maegesho hazikusemwa tena siku ile, na mpaka leo magari ya waumini yanaegeshwa barabarani.

Aunty Saras alitoa sharti moja: lundo lisishuke tena karibu na taa yake. Sisi tukaongeza letu: tukapanda maua ya manjano na ya machungwa upande wote wa uzio, yanazuia wadudu, na kila asubuhi alikuwa akinyoosha mkono na kuyachuma kwa ajili ya ibada yake. Na kuanzia hapo tukatangaza kwamba chakula kilichopikwa hakiingii kwenye ndoo. Anayetaka kukileta akilete kwenye sahani, tutakila.

Ile ndoo ya buluu ikawa haina kwao. Leo iko kwake, kesho iko kwetu, na haijawahi kuvuka uzio tupu. Ilikwenda na matembele, ikarudi na majani ya mchuzi. Ilikwenda na figiri, ikarudi na maembe ya achari. Mwaka huu, wageni tulipotishwa tena mjini, nilikwenda bustanini asubuhi nikiwa na hofu, nikamkuta Aunty Saras amekaa langoni kwetu kwenye kiti chake cha plastiki, anamenya njegere. Nilimuuliza anafanya nini pale.

"Namenya njegere," akasema. "Mtu akija kuuliza, nitamwambia hawa ni majirani zangu." Alikaa hivyo mpaka mtaa ukatulia.

Mwezi uliopita mlinifanyia sherehe ya kuniaga, mkanipa pole kana kwamba nimefiwa. Mama Espérance alilia, kisha akaniambia nimegeuza lundo vibaya siku ya mwisho. Aunty Saras alinipa ndoo ya buluu ikiwa na sufuria ya mchicha aliouunga kwa kitunguu saumu na pilipili kavu, nami nikaibeba mpaka kwenye chumba changu cha ghorofani Greyville nikiwa na furaha ambayo siwezi kuificha mbele yenu.

Basi msinipe pole. Mchicha nimekula, sufuria nimeiosha, na ndoo iko hapa jikoni chini ya meza. Nimeanza na maganda ya ndizi, jana nimetia ya viazi. Imefika nusu.